Somo: Kusafisha taa ya kale ya vioo na risasi yenye dubu wa Bern

Taa hii ya Uswisi ni ya kuning'inia. Vioo vyake vimeshikwa kwa vijiti vya risasi (metali laini ya kijivu), na ubavuni ina ngao ya mji wa Bern: dubu mweusi akipanda mshazari (mkanda ulioinama) wa njano kwenye uwanja mwekundu.

1. Zima umeme kwenye swichi kuu, taa ipoe, kisha ishusheni mkiwa wawili. Shikeni fremu ya chuma. Risasi ni laini, ikipinda vioo hupasuka.

2. Mulika tochi nyuma ya ngao. Hapa usiwe na haraka. Wekundu ule mara nyingi ni utando mwembamba juu ya kioo kisicho na rangi. Fundi aliukwangua palipotakiwa mshazari, akapaka nyuma mchanganyiko wenye fedha, akauchoma tanuruni. Fedha ikaingia ndani ya kioo ikawa njano. Hiyo haifutiki kwa kitambaa. Dubu ndiye wa kuogopewa: ni oksidi ya chuma na unga wa kioo, vimechomewa juu juu tu. Sasa mulika kwa ubavu. Ukiona manyoya yake yameinuka kama magamba, usimguse kabisa. Mpelekee fundi wa vioo vya kale.

3. Vioo visivyochorwa: lowesha kidogo kijiti cha pamba kwa maji yaliyokenekwa, kibiringishe bila kusugua, kausha papo hapo.

4. Risasi usiing'arishe. Ule ukijivu ndio unaoilinda. Unga mweupe unaoota juu ya risasi ni sumu: vaa glavu, watoto na wajawazito wakae mbali.

Maswali ya wanachama

Swali: Siki je? Nyumbani vioo vyote tunafuta kwa siki.
Jibu: Hapana, tafadhali! Asidi yake hula risasi na kuacha huo unga mweupe. Hata kabati la mwaloni lililofungwa hutoa mvuke wa namna hiyo, usiihifadhi humo.

Swali: Balbu gani?
Jibu: LED. Ya kizamani hutoa joto jingi, na maungio ya lehemu huchoka.

Swali: Dubu wangu anatazama kulia. Nimeuziwa bandia?
Jibu: Usikate tamaa. Kawaida huelekea kushoto kwako unayemtazama, lakini ngao mbili za Bern zikiwekwa jozi, moja iligeuzwa ili madubu watazamane. Au kioo kilirudishwa kinyume wakati wa matengenezo. Angalia rangi nyeusi iko upande gani: ikiwa iko ndani, kwenye balbu, huenda kiligeuzwa.