Jinsi ya Kumwandikia Mtoto Utenzi wa Historia: Mfano wa Sabaki, 1914

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya na mwalimu kijana wa Mambrui. Alitaka kuwaandikia wanafunzi wake wa Gredi ya 5 hadithi ndefu ya kishairi kuhusu Wagiriama, watu wa pwani ya Kenya, walivyoondolewa na Waingereza kaskazini ya mto Sabaki mwaka 1914. Habari alikuwa nazo, hamu alikuwa nayo, lakini beti zake hazikusomeka kwa sauti. Naandika tenzi na nimekua nikizisikia zikighaniwa, kwa hiyo mtaona nina misimamo yangu. Wa Malindi, wa Lamu, wa Pate, hatua ni zile zile. Badilisha tukio tu.

Hatua ya 1: Tukio moja, mtoto mmoja

Usiandike kuhusu "ukoloni". Andika kuhusu miezi miwili ya mwaka fulani, mahali panapoweza kuoneshwa kwa kidole. Sisi tulianza tarehe 4 Agosti 1914, siku serikali ya Waingereza ilipolipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, tukaishia familia moja inapovuka Sabaki kwenda kusini. Mtoto wetu wa kubuni tulimwita Kadzo, umri wake miaka kumi.

Kila anayeandika habari za miaka hiyo hutaka Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, awe mhusika mkuu. Namheshimu sana mama yule, na sanamu yake ninaipita kila niendapo mjini Malindi, lakini nashauri umwache nyuma ya hadithi. Mtoto anayesoma anahitaji mtoto mwenzake wa kwenda naye. Mekatilili apite kama habari: amekamatwa Oktoba 1913, amepelekwa Kisii pamoja na kiongozi mwenzake Wanje wa Mwadorikola, Januari 1914 wametoroka, wanarudi kwa miguu kutoka upande wa pili wa nchi. Habari hiyo inapofika kijijini, mtoto aliyetumwa maji husikia vipande vipande tu kisimani. Hapo ndipo pana sura nzima ya kitabu.

Hatua ya 2: Kukusanya habari

Fungua daftari. Ukurasa wa kushoto andika vilivyokuwepo, wa kulia vilivyokuwa bado. Huu wa kulia ndio utakaokuokoa. Shilingi haikuwepo, watu walidaiwa kodi kwa rupia. Nchi haikuitwa Kenya. Jina hilo lilikuja mwaka 1920. Ukimwandikia Kadzo kuwa ameokota shilingi njiani, mtoto hatajua kuwa umemdanganya, lakini umemdanganya.

Majira nayo yaandike. Agosti ni kusi, upepo unasukuma moshi kuelekea bara na kaskazini, kwa hiyo anayesimama kusini ya moto moshi haumfikii. Jambo dogo kama hilo hukuandikia ubeti lenyewe.

Sababu za vita zieleze kwa vitu vya nyumbani. Serikali ilitaka kodi ya nyumba na ilitaka vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani mwa walowezi. Vita Kuu ilipoanza mwezi ule ule wa Agosti, ikataka na wapagazi. Wagiriama walikataa kutoa watu wao. Waliposhindwa walitozwa faini ya rupia 100,000. Mtoto wa leo ukimtajia rupia laki moja haoni kitu. Mwambie mbuzi waliswagwa kutoka boma hili na lile, ataona.

Na usiwasahau askari. Waliobeba bunduki wengi wao walikuwa Waafrika, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Ukiwaficha, mtoto atauliza mwenyewe, na ni bora jibu alikute kitabuni.

Ukienda kwa wazee, usiende mikono mitupu, na usiulize "vita vilikuwaje?" Waliopo sasa hawakuviona; walihadithiwa na bibi zao. Uliza bibi alilala juu ya nini, mbuzi walifungwa wapi, mahindi yaliwekwa ndani ya nini, nani alibebwa mgongoni. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, kisha yaandike kwa mkono jioni ile ile kabla sauti haijakutoka masikioni.

Hatua ya 3: Umbo na kina cha bahari

Tumia utenzi. Najua wapo wanaopenda mashairi huru, na wapo wanaopenda shairi la mizani, yaani silabi, kumi na sita kwa mstari. Kwa hadithi ndefu ya mtoto siyakubali yote mawili: la kwanza halimshiki sikio, la pili linamchosha pumzi. Kipande cha utenzi, yaani mstari wake mmoja, kina mizani nane, na mtoto wa miaka kumi anakimaliza kwa pumzi moja bila shida. Pwani yetu imebeba visa vya vita kwa umbo hili tangu zamani. Utendi wa Tambuka wa Pate, wa mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja na haukuhitaji umbo jingine.

Vipande vinne kwa ubeti. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, yaani sauti ya mwisho inayofanana, kinachobadilika kila ubeti. Cha nne kina kina cha bahari kinachokwenda nawe mpaka mwisho. Kina hicho kichague kwa makini, kwa sababu utakilisha beti mia mbili au tatu. Chagua kinachoishia kwenye vitenzi vingi: -ka, -wa, -na, -ia. Sisi tulichukua -ka, na mto ukatusaidia: kuvuka, kufika, kushuka, kuzunguka, kukumbuka. Anayechagua -vu au -ji atakwama kabla ya ubeti wa arobaini.

Hatua ya 4: Mizani

Hapa ndipo kazi yote ilipokwama kwa mwalimu wetu, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa bila kujua sababu. Kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, kifaa. Nunua daftari la hesabu, lile la miraba. Mraba mmoja, mizani moja. Kipande kikiishia mraba wa nane, sawa. Kikifika wa tisa au kikibaki saba, kuna kasoro. Usihesabu kwa kompyuta, wala kwa vidole huku unaandika. Vidole hukubaliana na kile moyo unachotaka. Tumia penseli.

Pili, ujue kinachohesabiwa. Mizani ni silabi, lakini m na n zinazosimama peke yake nazo ni mizani. "Mtoto" ni m-to-to, tatu. "Mto" ni m-to, mbili. "Nchi" ni n-chi, mbili. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, mbili tu, kwa sababu m pale imeshikana na b. "Njaa" ni nja-a, mbili. "Nyumba" ni nyu-mba, mbili. Maneno mafupi yenye silabi moja tu baada ya m au n, kama mbwa, nje, nge na nta, yanaitoa ile m au n ikasimama: m-bwa, n-je.

Mpaka hapo wengi wanafuata. Tatizo ni maneno yanayoandikwa sawa na kuhesabiwa tofauti. Tazama neno "mbaya". Ukisema "mwaka mbaya", m inatokana na ngeli ya mwaka, inasimama peke yake: mwa-ka-m-ba-ya, mizani tano. Ukisema "njaa mbaya", m imeshikana: nja-a-mba-ya, mizani nne. Herufi zile zile. "Mbovu" ni hivyo hivyo: mkate mbovu una m-bo-vu, nyama mbovu ina mbo-vu. Mwalimu wetu alikuwa na beti kadhaa zenye "mbaya" na "mbovu", kila mara akihesabu kwa macho, na kila mara mtoto aliyesoma alijikwaa pale pale. Jioni nzima ilikwisha kabla hatujaigundua sababu. Dawa yake ni kutamka neno ndani ya sentensi yake, polepole, huku ukipiga kofi kila mizani. Neno likiwa peke yake halikuambii kitu.

Irabu mbili zikifuatana, zihesabu zote. "Kaa" ni mbili, "akaanguka" ni a-ka-a-ngu-ka, tano. Usiziunganishe kwa kuwa kipande kimezidi.

Maneno ya kigeni yenye konsonanti zinazogongana ni balaa. "Agosti" wengine huihesabu tatu, a-gos-ti, wengine nne, a-go-s-ti. "Daktari" na "labda" ndiyo hayo hayo. Malenga hawakubaliani na sitawasuluhisha. Ninachofanya mimi ni kuyatoa kabisa ndani ya ubeti. Tarehe iweke kwenye kichwa cha sura, kwa nathari: "Agosti 1914". Ubeti ubaki na kusi, mavuno, mwezi mpevu.

Majina ya watu na mahali yahesabu mapema uyaandike ukutani. Sabaki tatu, Kadzo mbili, Kaya Fungo nne. Mekatilili wa Menza ni nane kamili, kipande kizima bila kuongeza wala kupunguza, na kina chake -nza kina wenzake wengi: kuanza, kufunza, kutunza.

Kuhusu ufupisho: malenga wana ruhusa ya kukata maneno, "kashika" badala ya "akashika". Mkubwa anaelewa. Mtoto wa Gredi ya 5 husimama ajiulize nani kashika. Katika kitabu cha mtoto andika maneno kamili, na kipande kikizidi, tafuta neno jingine. Kikipungua, usijaze kwa "hakika" na "kwa yakini". Yatoe uone kama maana imepungua, haipungui.

Kwa ndugu wa Lamu lipo swali la lahaja: maji au mai, mji au mui, njaa au ndaa? Hesabu haibadiliki, maana mai ni mbili kama maji, na ndaa ni mbili kama njaa. Kinachobadilika ni kina. Nashauri msimulizi aseme sanifu, na nyanya wa hadithi aseme Kiamu chake, maana mtoto wa Lamu anamsikia hivyo nyumbani kila siku. Lakini usirukie Kiamu katikati ya ubeti kwa ajili ya kuokoa kina. Msomaji wa Lamu atakukamata mara moja.

Hatua ya 5: Kuandika uchungu

Mtoto asifichwe, wala asitishwe. Rasimu ya kwanza ya mwalimu ilisema:

*Mateso yalituzidi,*
*huzuni ikatufika*

Mizani ziko sawa, na hakuna kitu kinachoonekana. Mateso gani? Tuliyafuta, tukaweka amri ya afisa kama ilivyotoka kinywani:

*Mbuzi watatu wa hawe*
*wafungwe wachukuliwe*
*na ghala lake litiwe*
*moto hadi kuanguka.*

Hawe ndiye bibi kwa Kigiriama. Hakuna neno la huzuni hata moja mle ndani. Mbuzi wana idadi, wana mwenyewe. Na lile neno "moto" linakuja baada ya pumzi, mtoto ameshafika mwisho wa kipande hajui kinachotiwa ni nini.

Kifo kitaje mara moja, kwa jina la aliyekufa, kwa ubeti mmoja. Kisha acha sehemu iliyobaki ya ukurasa tupu. Usieleze jeraha.

Na mhusika wako mtoto lazima awe na kazi ya kufanya. Anayelia tu beti mia mbili anamwachia msomaji kilio kitupu. Kadzo alificha mwanambuzi mmoja vichakani askari walipokuja, na kuanzia hapo kitabu kizima ni namna atakavyomvusha:

*Kadzo akashika kamba*
*ya mwanambuzi mwembamba,*
*macho yatafuta mamba*
*Sabaki wanapovuka.*

Sabaki ina mamba hadi leo, kila mtoto wa Malindi ameonywa. Hofu ya Kadzo anaijua tayari, hahitaji kufafanuliwa.

Malizia pale historia ilipoishia kwa watu wale. Usiwarudishe kwao kwenye ubeti wa mwisho ili mtoto afurahi. Baadaye serikali iliwaruhusu kurudi kaskazini ya mto, lakini haikuwa mwaka ule. Ukitaka kulieleza hilo, liweke kwenye ukurasa wa maelezo baada ya utenzi.

Hatua ya 6: Kusomwa kwa sauti

Mpe mtoto ambaye hajawahi kuuona utenzi wako, asome kwa sauti, wewe unyamaze. Usimsaidie, usitikise kichwa. Weka alama ya penseli kila anaposita. Mpe wa pili nakala safi. Waliposita wote wawili, kosa ni la ubeti, urudi kwenye miraba. Aliposita mmoja tu, uache.

Kisha mtafute mtu mwenye sauti aughani. Kipande kisichoghanika hakijakamilika, hata kama miraba yako imetimia.

Hatua ya 7: Kuchapa

Beti tatu kwa ukurasa, herufi kubwa, karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati. Maneno kama hawe na kaya yaeleze chini ya ukurasa ule ule, si mwisho wa kitabu, maana mtoto hafungui mwisho. Nakala za kwanza piga fotokopi, bana kwa stepla, zigawe darasani, na usiende kwa mchapishaji mpaka zimerudi zimechafuka.