Kupanda kinga (baiskeli) asubuhi ya baridi: Lubumbashi hadi Kipushi na kurudi

Lubumbashi mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya alfajiri inaweza kushuka hadi digrii 6 au 7, na mchana wa siku hiyohiyo jua likakupandisha hadi 25. Mvua hakuna, matope hakuna, ndiyo maana wengi huona huu ndio wakati mzuri wa kutoka mjini na kinga. Kwa miguu ni mzuri kweli. Lakini vumbi linasaga vyuma na upepo unabadilisha namna ya kushika barabara, kwa hiyo kinga inatakiwa kutayarishwa tofauti na wakati wa mvua. Tuchukue safari ya Kipushi, kama kilomita 30 kusini-magharibi, kwenda na kurudi siku moja.

Anza na mnyororo, jioni ya kuamkia safari. Wengi huupaka mafuta machafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Yaache kabisa. Ni mazito, yananasa vumbi jekundu, na mchanganyiko huo unafanya kazi ya msasa ndani ya pini kila unapokanyaga. Futa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo. Zungusha pedali, subiri dakika 10, halafu pangusa nje mpaka kidole kisitoke cheusi: mafuta yanahitajika ndani ya pini, yanayobaki nje yanakusanya vumbi tu. Ukiwa hapo, pima. Viungo 24 vya mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, vina milimita 305. Vikifika 308, badilisha mnyororo, la sivyo utakula meno ya mbele na ya nyuma, na hayo ni ghali zaidi. Kaza gurudumu la nyuma mnyororo ukiwa na mchezo wa sentimita 1 hivi.

Upepo wa mipira upime asubuhi, usitegemee wa jana. Mpira uliojazwa bar 3.5 kwenye joto la mchana unapoteza karibu bar 0.3 kwenye baridi ya alfajiri hata kama hauna tundu, na ukipita hivyo juu ya jiwe na mzigo nyuma, mpira wa ndani unabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba. Pampu ndiyo iliyokosekana.

Nguo: kinachokutesa ni upepo unaopiga kifua. Gazeti lililokunjwa mara mbili chini ya koti linauzuia vizuri, na unalitoa jua likishapanda. Vaa kidogo kuliko unavyotamani wakati umesimama, kwa sababu ukitoka jasho kwenye mlima, mteremko unaofuata utakugandisha. Mikono ndiyo ya kulindwa zaidi. Vidole vikifa ganzi hubani breki. Soksi mikononi zinateleza. Tafuta glavu za kazi zenye mpira kiganjani.

Jua linatoka karibu saa 12 na nusu. Subiri litoke. Gizani, dereva wa lori anayefuata lori jingine ndani ya vumbi hakuoni hata ukiwa na taa. Ukiondoka saa 1 asubuhi kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, unafika Kipushi kabla upepo haujapata nguvu.

Upepo wa msimu huu hutoka kusini-mashariki. Ukienda Kipushi, ukipita upande wako wa kulia wa barabara, unakupiga kushoto na kukusukuma nje ya barabara, jambo ambalo halina hatari kubwa. Ukirudi unakupiga kulia na kukusukuma katikati, upande ambao malori yanakupita. Shika usukani kwa mikono miwili kila ukisikia lori nyuma: kwanza hewa yake inakutupa nje, halafu mkia wake unakuvuta ndani. Usifidie msukumo wa kwanza kwa nguvu. Wale wanaochagua njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, waangalie pia magari yenye usukani wa kulia: dereva huyo hawezi kuona mbele ya gari analolifuata mpaka achomoze nusu ya gari upande wako.

Penye udongo uliojikunja kama mabati, pita ukingoni, inua makalio kidogo, legeza viwiko. Mtetemo unalegeza nati, kwa hiyo simama baada ya kilomita 10 ushike kila nati ya kibebeo cha mizigo na ya magurudumu. Penye mchanga laini usipige kona wala breki ya mbele.

Moshi wa moto wa pori ukifunika barabara, simama kabisa mpaka upite. Hata majivu yaliyopoa yanaficha visiki vikali.

Ukitobokewa, gundi hukauka polepole kwenye baridi. Kwaruza kwa msasa, paka eneo pana kuliko kiraka, ngoja dakika 5 au zaidi mpaka gundi iache kung'aa, ndipo ubandike na kubana. Kiraka kinachobanduka njiani karibu kila mara kilibandikwa gundi ikiwa bado mbichi. Tyubu ya gundi iwekwe mfukoni karibu na mwili.

Maji, lita 2, unywe kidogo kila dakika 20 ingawa kiu haiji. Hewa hii kavu inakukausha bila kuona jasho. Karanga na viazi vitamu vinatosha.

Ondoka Kipushi kabla ya saa 8 mchana, maana kwenye saa 12 jioni giza linaanza kuingia. Nyumbani, ondoa vumbi kwa brashi kavu. Usimwagie maji kwenye vitovu vya magurudumu: yanaingiza vumbi kwenye grisi, na gololi huanza kulia wiki inayofuata.