Flashi imegoma: mambo ya kuzingatia kabla ya kugusa programu ya kontrola

Unaichomeka, kompyuta inalia kama kawaida, ukibofya unaambiwa uingize diski. Au inajitambulisha kuwa na baiti 0. Hapo ndipo mtu anakutajia zile programu za kiwandani zinazofufua flashi. Kweli zinafufua, lakini kwanza jiulize: unachotaka ni flashi au vilivyomo ndani yake?

Programu hizi ndizo zinazotumika kiwandani kuiandaa flashi kabla haijaingia dukani. Zinapima chipu ya kumbukumbu, zinatenga sehemu mbovu, kisha zinaandika upya maelekezo na ramani ambayo kontrola, yaani chipu ndogo inayoiendesha flashi, huitumia kujua kipande kipi cha faili kimelala wapi. Ramani ya zamani ikifutwa, tasnifu yako imekwenda nayo. Kwa hiyo kama flashi bado inasomeka hata kwa kusuasua, itolee nakala nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, halafu utafute faili ndani ya nakala hiyo kwa PhotoRec, programu ya kuokoa faili. Kama haisomeki kabisa na kilichomo ni cha thamani, ishia hapo, uipeleke kwa fundi anayeweza kuisoma chipu yenyewe.

Hakikisha pia ugonjwa ni wa kontrola. Jaribu tundu jingine, na kompyuta nyingine. Ikiwa imekuwa RAW tu, yaani kompyuta inaiona lakini haitambui mpangilio wa faili zake, mara nyingi kuifomati kunatosha. Ikikataa kuandikwa lakini inasomeka, harakisha kunakili: kontrola nyingine hujifunga zenyewe chipu inapochakaa.

Kazi kubwa ni kuijua kontrola. ChipGenius, programu ya kuitambua flashi, itakuonyesha VID na PID, yaani namba ya mtengenezaji na ya bidhaa. VID 090C ni ya Silicon Motion, 058F ni ya Alcor Micro, wote watengenezaji wa kontrola. Usiziamini mia kwa mia, maana programu hizihizi ndizo zinazoandika namba hizo, na watengeneza flashi feki wanalijua hilo. Mimi hufungua ganda kwa ukucha au kadi ngumu. Ndani kuna chipu kubwa, hiyo ni kumbukumbu, na ndogo ya mraba, hiyo ndiyo kontrola. Imulike kwa upande, ipige picha kwa simu, uikuze: utasoma kitu kama SM3257 au AU6989. Nyingine zimefunikwa zote kwa plastiki nyeusi, huoni chochote, itabidi utegemee ChipGenius. Nembo ya juu isikudanganye. Flashi mbili za ganda moja, zilizonunuliwa duka moja, zinaweza kuwa na kontrola tofauti. Na toleo la programu lazima liijue kontrola pamoja na chipu ya kumbukumbu, la sivyo litagoma au litaimaliza kabisa.

Watengenezaji hawazitoi programu hizi kwa umma. Zinazozunguka zimevuja, na ukipakua moja huwezi kujua imeongozana na nini. Tumia laptopi kuukuu isiyo na barua pepe wala mambo yako ya benki. Si woga wa bure: mwaka 2014 watafiti wa usalama wa kompyuta Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba kontrola ikiandikwa upya, flashi inaweza kujifanya kibodi na kuiamuru kompyuta.

Siku ya kazi, betri iwe imejaa, maana umeme ukikatika katikati umepoteza flashi. Chomoa flashi na diski nyingine zote. Programu hizi zimezoea kushughulikia nyingi kwa mpigo, na hazitakuuliza ipi ni ya nani. Piga picha ya mipangilio ya mwanzo kabla hujabadili chochote.

Ikifufuka, ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima ujazo halisi, na uisome tena. Yangu moja iliandikwa GB 64 kwenye ganda. Nilipoifufua ikarudi na GB 8, ndizo ilizokuwa nazo tangu dukani. Sasa inakaa kwenye redio ya gari, na siiwekei kitu nisichokuwa na nakala yake.