Pasipoti mpya ina kosa? Mambo ya kuzingatia kabla hujarudi dirishani

Mama mmoja alirudi dukani kwangu Temeke, ninapojazia watu fomu, ameikumbatia pasipoti yake mpya. Ilikaa wiki tatu kabatini, imefungwa ndani ya kanga, haijafunguliwa hata mara moja. Mwanawe alipotaka kumkatia tiketi ndipo alipoona jina la tatu limepungukiwa herufi ya mwisho. Tukatoa kopi ya fomu aliyosaini, na kosa lilikuwa pale pale. Mimi ndiye niliyelichapa, na yeye alisaini bila miwani. Iliniuma sana, na ndiyo maana naandika haya.

Kwanza kabisa, pasipoti ifunguliwe ukiwa bado pale ofisini. Umetoka Mbagala au Tegeta, umekaa foleni, unatamani kuwahi daladala. Vumilia dakika tano zaidi. Simama pembeni, toa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, uvilinganishe na ukurasa wenye picha. Soma jina herufi kwa herufi, kwa kidole, maana jicho husoma lile linalolitarajia. Mohamed na Mohammed kwetu ni mtu mmoja, lakini kwa mashine ni wawili. Angalia Hussein na Huseni, Abdallah na Abdalah, na zile r na l zinazobadilishana nafasi. Kisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia, mahali ulipozaliwa, picha, saini, na tarehe ya mwisho. Pasipoti ya kawaida ya mtu mzima ni ya miaka 10, hesabu mwenyewe.

Halafu shuka kwenye ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Watu wengi huiruka, nami nasisitiza isirukwe, kwa sababu ndiyo mashine ya uwanja wa ndege inayoisoma. Kila mstari una nafasi 44. Wa juu huanza na P, kisha TZA (yaani Tanzania), kisha jina la ukoo na majina mengine. Wa chini una namba ya pasipoti, TZA tena, tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka, halafu M au F. Aliyezaliwa tarehe 7 Machi 1984 ataona 840307. Ukikuta 840703, siku na mwezi vimepishana.

Lakini si kila tofauti ya hapo chini ni kosa. Mwenye jina kama Ng'wandu ataona NGWANDU, kwa kuwa alama ya ng' hairuhusiwi kwenye mistari hiyo kokote duniani. Majina marefu nayo hukatwa yasipoenea. Usipoteze nauli kwa ajili ya hayo.

Ukishathibitisha kuwa kosa ni kosa, jiulize limezaliwa wapi kabla hujalalamika kwa mtu. Shahidi wako ni kopi ya fomu uliyosaini. Fomu ikiwa sahihi na pasipoti imekosea, una hoja nzito. Fomu ikiwa imekosea, kosa lilianzia kwako au kwa aliyekujazia, na hapo utaongea kwa unyenyekevu zaidi. Kuna na hali ya tatu, ngumu kuliko zote: cheti kinasema hivi, NIDA inasema vile. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zisome. Zikipingana na cheti cha kuzaliwa cha RITA, anza kunyoosha huko kwanza, kwa sababu pasipoti hufuata nyaraka hizo. Kama jina lenyewe ulilibadili, andaa hati ya kubadili jina au cheti cha ndoa.

Bahasha ya kwenda nayo iwe na pasipoti yenyewe, vyeti halisi pamoja na kopi zake, fomu, risiti ya malipo, na barua fupi inayosema neno lililokosewa na linavyotakiwa kuwa. Kama una safari, weka ushahidi wake. Piga picha ukurasa wa pasipoti kabla hujaikabidhi, na uombe uthibitisho kwamba imepokelewa. Andika tarehe.

Mambo mawili nawasihi msiyafanye. Usiguse kosa kwa kalamu wala wembe, hata kama ni nukta. Pasipoti hizi za kielektroniki, zilizozinduliwa Januari 31, 2018, zina chipu yenye taarifa zile zile za ukurasa wa picha. Ukifuta juu, ndani imebaki, na wewe umekuwa mtu aliyechezea hati ya serikali. La pili, usimpe kishoka, yaani dalali asiye rasmi. Anayekuita mtaani akikuambia "nipe hiyo, kesho iko tayari" anabeba utambulisho wako wote mfukoni mwake.

Tiketi isubiri. Najua nauli hupanda, lakini jina la kwenye tiketi linatakiwa kufanana na la kwenye pasipoti, na kulibadili baadaye kuna gharama zake. Ukishapata pasipoti nyingine, namba yake itakuwa mpya. Kwa hiyo mjulishe aliyekukatia tiketi, ubalozi ulioombea viza, chuo kilichokuandikia barua, au kikundi chenu cha umra. Kadi ya homa ya manjano nayo iangalie, kama jina na namba ya pasipoti viliandikwa kwa kufuata ile ya zamani.

Yule mama alirudi na pasipoti yake ya pili. Safari hii aliifungulia pale pale kaunta, miwani machoni, akaniambia, "Mwanangu, nisomee tena polepole."