Somo: Fesofu ya lakrosi – mwamuzi asimame wapi, aseme nini, apulize lini

Lakrosi ni mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa fimbo yenye kichwa cha plastiki na mfuko wa wavu, ili kufunga mabao. Somo hili ni la lakrosi ya wanaume ya uwanja mkubwa, wachezaji 10 kwa 10, waamuzi wawili. Ya wanawake na ile ya watu sita yana utaratibu wake. Nimeyagusa kwenye maswali chini.

Fesofu ni ule ugombeaji wa mpira katikati ya uwanja: wachezaji wawili wameinama, fimbo zimelazwa chini, mpira uko katikati yao, kila mmoja anasubiri kipenga. Huchezwa mwanzoni mwa kila robo na, isipokuwa hali chache, baada ya kila bao. Mechi ya 12 kwa 9 ina fesofu zinazokaribia 25. Makocha wakikupigia kelele siku nzima, chunguza kwanza unavyoendesha hizo 25 kabla ya kulaumu makocha.

Jua mistari kwanza

Uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 60. Kutoka mstari wa kati hadi mstari wa lango ni yadi 40, na nyuma ya lango zinabaki 15. Mstari wa kizuizi uko yadi 20 kutoka katikati, kila upande. Mistari ya mawinga iko yadi 20 kutoka kitovu cha uwanja, inakwenda sambamba na laini ya pembeni, na kila mmoja una urefu wa yadi 20: kumi upande huu wa mstari wa kati, kumi upande ule.

Wakati wa fesofu kila timu hujipanga hivi: kipa na walinzi watatu nyuma ya mstari wao wa kizuizi, washambuliaji watatu nyuma ya mstari wa kizuizi wa upande wa pili, mchezaji wa fesofu katikati, na winga mmoja kila upande. Jumla 10. Mawinga huachiwa na kipenga. Wale saba wengine hawaachiwi mpaka mwamuzi atangaze umiliki au mpira uvuke mojawapo ya mistari ya kizuizi.

Kanuni ya lango la kulia

Hii ukiishika, nusu ya kazi imekwisha. Waamuzi wawili husimama pande mbili tofauti za uwanja, wakitazamana. Kila mmoja, akiwa ameelekea ndani ya uwanja, lango lililo kulia kwake ni lake. Mpira ukienda kulia kwako, wewe ni mwamuzi wa mbele: unakimbilia usawa wa mstari wa lango. Ukienda kushoto kwako, wewe ni mwamuzi wa nyuma na mwenzako ndiye wa mbele. Hamna haja ya kuulizana wala kupungiana mikono.

Mwamuzi wa mbele anatazama mstari wa lango, duara la kipa, mpira unapopigwa, na mstari wa mwisho. Shuti likitoka nje, mpira ni wa timu ya mchezaji aliyekuwa karibu zaidi nao pale na wakati ule ulipotoka. Ndiyo sababu mwamuzi wa mbele hukimbilia mstari wa mwisho mara tu shuti linapopita lango. Ukibaki umesimama ukishangaa, utaamua kwa kubahatisha. Mwamuzi wa nyuma hukaa juu, karibu na usawa wa mstari wa kizuizi. Shuti likipigwa, yeye haufuati mpira kwa macho. Anabaki na mpigaji, kwa sababu pigo la kuchelewa humkuta mpigaji wakati watu wote wametazama lango. Anahesabu pia watu: timu isizidi 6 kwenye nusu ya kushambulia wala 7 kwenye nusu ya kujilinda.

Baada ya bao

Aliyekuwa wa nyuma anakwenda katikati kuendesha fesofu. Aliyekuwa wa mbele anathibitisha bao na meza ya kumbukumbu, kisha anakaa kwenye winga ng'ambo ya mwenzake. Weka mpira wa akiba mfukoni. Kumsubiri kipa autoe mpira wavuni kunawapa wachezaji nafasi ya kurushiana maneno.

Mwamuzi wa winga anasimama karibu na laini ya pembeni, usawa wa mawinga, amesogea hatua chache kuelekea lango lake la kulia. Kazi yake kabla ya kipenga: kuhesabu watu, kuhakikisha makipa wako tayari, kuona mawinga wako nyuma ya mistari yao. Kubalianeni kabla ya mechi ishara moja ya "niko tayari". Bila ishara hiyo mwenzako asianze.

Kuendesha fesofu, hatua kwa hatua

1. Simama upande wako wa uwanja, uso kwa mwenzako, mpira umeuweka chini kwenye kitovu kabla wachezaji hawajainama. Ukiwaacha wainame kwanza ndipo uupenyeze mpira katikati ya vichwa vya fimbo, utazigusa, nao wataanza kujipanga upya.

2. Waite. Kila mmoja anasimama upande wa lango analolilinda. Tazama mikono wangali wima: fimbo ya mchezaji wa fesofu inatakiwa kuwa na utepe wa rangi tofauti, inchi 6 kutoka shingo ya fimbo (pale kichwa kinapoungana na mpini) kushuka kwenye mpini. Utepe huo ni wako wewe, si wake. Glavu ikipanda juu ya utepe na kugusa plastiki ya kichwa, unaiona bila kuchuchumaa.

3. Sema "Chini". Fimbo zinalazwa sambamba na mstari wa kati, migongo ya vichwa ikitazamana, bila kuugusa mstari. Vichwa vyenyewe vinasimama wima, ncha ya kimoja ikiwa usawa wa shingo ya kingine. Mikono yote miwili ya kila mchezaji iko kwenye mpini na imegusa ardhi. Mwili, miguu na mikono yake viko kushoto kwa shingo ya fimbo yake.

4. Kagua mambo matatu tu, kwa mpangilio uleule kila mara: vichwa vya fimbo, mikono, mabega. Kichwa cha fimbo kikilala kidogo juu ya mpira, mwenye nacho ameshaanza kubana, yaani kuukandamiza mpira chini kwa kichwa cha fimbo. Bega likivuka mstari, anatafuta kumzuia mwenzake kwa mwili. Rekebisha kwa maneno mafupi, "nyoosha fimbo", "rudi", usimvute kwa mkono. Usiinamishe uso wako kati yao. Fimbo hutoka pale kwa kasi.

5. Wakitulia kabisa, sema "Tayari", kisha rudi kinyumenyume upande wako hatua tatu au nne. Usigeuke.

6. Puliza. Kipenga kiwe kimekaa mdomoni tangu mwanzo, na pumzi uwe umeshaivuta. Wachezaji wazoefu husikia pumzi ya mwamuzi na kuondoka nayo. Pia hukariri mwendo wako: kama pengo kati ya "Tayari" na kipenga ni lilelile tangu robo ya kwanza, kufikia robo ya tatu kuna mtu anaruka nalo. Chama chako kikikupa utaratibu wa pengo, fuata huo. Kisipokupa, kinachoamua ni utulivu wao, si hesabu iliyomo kichwani mwako.

Kuhusu mshiko: kanuni za vyuo vikuu vya Marekani (NCAA), tangu msimu wa 2021, zimekataza mshiko wa pikipiki, yaani viganja vyote viwili vikiangalia chini kama mwenye bodaboda ameshika usukani, na pia zimekataza goti kugusa chini wakati wa kuanza. Mashindano mengine yana maandishi yake. Soma ya kwenu kabla ya kumwadhibu mtu.

Kipenga kikishalia

Mwamuzi wa fesofu anabaki na wale wawili na mpira. Mwamuzi wa winga anabaki na mawinga, hasa yule anayeingia na bega kwa mtu ambaye bado hajaufikia mpira. Kila mtu na shamba lake. Wote wawili mkitazama mpira, kosa la winga halionwi na mtu.

Makosa ya kawaida ya fesofu: kuugusa mpira kwa mkono, kushika au kukanyaga fimbo ya mwenzako, kuibana fimbo ya mpinzani chini isitoke, kulalia mpira, na kuufunika kwa kichwa cha fimbo muda mrefu. Kuubana mpira si kosa. Kosa ni kuubana na kukaa nao. Kanuni za shule za sekondari za Marekani zinataka anayebana ausogeze, aukokote au auelekeze mara moja, na "mara moja" maana yake ndani ya hatua moja.

Kuna jambo moja ambalo waamuzi wapya hulikosea sana: kubana si umiliki. Umiliki ni mchezaji kuwa na mpira kwenye fimbo akiweza kuubeba, kuutikisa mfukoni mwa fimbo, kupasi au kupiga. Ukipaza sauti "Umiliki!" wakati mpira bado uko chini ya kichwa cha fimbo, umewafungulia washambuliaji na walinzi, na watu kumi na wanne wanalivamia duara lililokuwa na sita. Ngoja uuone mpira mfukoni, zungusha mkono, kisha tangaza kwa sauti inayofika mistari yote miwili ya kizuizi.

Mahali pagumu ni shambulio la ghafla kuelekea lango la kulia la mwamuzi wa fesofu. Yuko katikati, na ana yadi 40 za kukimbia wakati mchezaji tayari ana mpira. Akimbie moja kwa moja kuelekea usawa wa mstari wa lango, pembeni mwa njia ya mpira, na asimame anapoona shuti linakuja hata kama hajafika. Macho yaliyotulia yakiwa yadi 10 nyuma yanaona kuliko macho yanayoruka yakiwa karibu.

Adhabu

Kosa la fesofu wakati mpira ni huru huipa timu nyingine mpira. Wapinzani wakae yadi 5, anza upya kwa kipenga haraka. Weka hesabu ya kila timu kwenye kadi yako, kwa kila nusu ya mchezo: chini ya kanuni za Marekani, kosa la tatu na yote yanayofuata katika nusu hiyo huongeza adhabu ya sekunde 30. Ambia benchi linapofikia la pili. Kocha aliyeonywa hana cha kusema la tatu likija.

MASWALI YA WANACHAMA

*Habari mwalimu. Huku Jinja tunatumia uwanja wa soka, hauna mistari ya lakrosi. Tunapimaje bila tepu ndefu?*

Salama. Duara la katikati la soka lina nusu kipenyo cha mita 9.15, ambayo ni yadi 10 kamili. Kata kamba ya urefu huo. Kamba moja kila upande wa mstari wa kati ni urefu wa mstari wa winga. Mbili kutoka kitovu ni umbali wa winga, na mbili kutoka mstari wa kati ni mstari wa kizuizi. Tatu kutoka kitovu ni laini ya pembeni. Nne ni mstari wa lango, na moja na nusu zaidi ni mstari wa mwisho. Lango ni mita 1.83 kwa 1.83; duara la kipa lina nusu kipenyo cha mita 2.74. Vikombe vya plastiki vinatosha kuonyesha mistari ya winga na kizuizi, ila viondolewe kwenye njia ya kukimbia.

*Mmoja ameruka kabla ya kipenga lakini mpinzani wake ndiye aliyeupata mpira. Niache mchezo uendelee?*

Hapana, maana mchezo haujaanza, kipenga hakijalia. Mpe mpinzani mpira, anza. Kosa likitokea *baada* ya kipenga na aliyekosewa yuko karibu kuupata, hapo ndipo unaonyesha faida na kusema "Endelea", kisha unapuliza kama faida haikuja.

*Shikamoo mwalimu. Timu moja ina mtu kwenye adhabu. Inajipangaje?*

Marahaba. Mara nyingi huja na winga mmoja tu. Hesabu ya 6 na 7 niliyotaja juu inajumuisha aliye kwenye adhabu, kwa hiyo mwamuzi wa winga ahesabu kwa sauti ndogo kabla hajatoa ishara ya kuwa tayari. Upande usio na winga ndio wenye mbio. Mtazame winga anayekimbia bila mpinzani, huwa anaondoka mapema.

*Mpira umenasa mgongoni mwa kichwa cha fimbo, mchezaji anakimbia nao.*

Kukimbia nao umenasa ni kosa. Puliza, wapewe wengine. Usisubiri aupige chini kuutoa, maana hapo ndipo watu huumizwa.

*Tukiwa waamuzi watatu?*

Mmoja katikati, wawili pembeni, kila mmoja na lango lake. Wa fesofu hana tena zile yadi 40, na anaweza kubaki na wagombeaji wawili hadi mwisho wa mvutano.

*Kwa wanawake je?*

Hawainami. Wanasimama, fimbo zimeinuliwa juu ya kiuno, mpira umebanwa kati ya migongo ya vichwa, na kipenga kikilia wanazivuta juu. Mpira lazima upande juu ya vichwa vya wagombeaji wote wawili. Kwa hiyo simama mahali unapoona anga iliyo juu yao, si mikono tu.

*Na ile ya watu sita itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028?*

Uwanja mita 70 kwa 36, robo nne za dakika 8, saa ya shuti sekunde 30. Fesofu ni mwanzoni mwa robo tu. Baada ya bao kipa anautoa mpira mwenyewe na mchezo unaendelea. Kwa hiyo ukifunga bao hakuna kutembea kwenda katikati: mwamuzi wa mbele anageuka na kuwa wa nyuma papo hapo, na asipoanza kukimbia wakati kipa anaokota mpira, atakuta wameshapiga upande wa pili.