Kutoka tasnifu hadi makala ya jarida: malizeni suala la majina kwanza

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mhitimu wa uzamili ambaye makala yake ilikwama mezani kwa mhariri. Utafiti ulikuwa safi na wapitiaji walikuwa wameshaukubali. Kilichomkwamisha ni jina moja lililoongezwa mwishoni bila waandishi wengine kuambiwa. Kazi yangu kubwa ni kuwasaidia wanafunzi wa afya na sayansi ya jamii, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko. Nachukulia kwamba tasnifu yako imeshapita na masahihisho ya watahini umeyamaliza.

Hatua ya 1: Tafuta vibali vyako

Kibali cha maadili na kibali cha kufanya utafiti ni vitu viwili, na wengi huvichanganya. Kwa Tanzania Bara, utafiti wa afya hupata kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kwenye kamati ya taasisi iliyoidhinishwa. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, hutoa kibali cha utafiti. Kenya, leseni ya utafiti hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na maadili hupitiwa na kamati zilizoidhinishwa. Jarida litataka namba ya kile cha maadili. Angalia na tarehe: data zilizokusanywa kabla ya kibali haziokolewi na kibali cha leo. Kama una picha ya mgonjwa, ridhaa ya kushiriki utafiti haitoshi. Inatakiwa ridhaa ya kuchapisha picha yenyewe.

Hatua ya 2: Kubalianeni majina kabla ya kuandika sentensi ya kwanza

Hapa ndipo nitakapokaa, maana hapa ndipo watu hupoteza miezi na kuharibu uhusiano na walimu wao.

Kipimo kinachotumiwa na majarida mengi ya afya ni cha Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, iliyoanzia kwenye mkutano wa Vancouver mwaka 1978. Kina masharti manne. Mwandishi awe amechangia kwa uzito kubuni utafiti, kupata data, kuzichambua au kuzifasiri. Awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina. Awe ameidhinisha nakala ya mwisho. Na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima, likiwamo swali litakalozuka kuhusu sehemu asiyoifanya yeye. Anayestahili hutimiza yote manne, si mawili au matatu.

Kwa masharti hayo, mkuu wa idara haingii kwa sababu ya cheo. Aliyetafuta fedha haingii kwa sababu ya fedha peke yake. Daktari mfawidhi aliyekufungulia milango ya wodi anastahili shukrani nzito, lakini haingii. Najua hili ni gumu kwetu, ambako kumtaja mkubwa ni adabu. Adabu hiyo ina mahali pake kwenye sehemu ya shukrani, na hata huko omba ruhusa ya maandishi, kwa sababu jina la mtu kwenye shukrani huonekana kama ameyakubali matokeo.

Sasa tahadhari ambayo wengi huigeuza silaha. Masharti haya hayakuwekwa ili kumnyima mtu haki. Kama mtakwimu alifanya uchambuzi wote, ametimiza sharti la kwanza, na ni wajibu wako kumpa nafasi ya kutimiza yaliyobaki: mtumie rasimu, mpe muda, pokea maoni yake. Huwezi kumficha rasimu halafu ukasema hakushiriki kuandika. Ndivyo ilivyo pia kwa msaidizi wa utafiti aliyebuni dodoso, na kwa mtafiti wa hapa nyumbani aliyefanya kazi yote ya uwandani kwa ajili ya mradi wa chuo cha nje. Tamko la Cape Town lililotokana na mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti wa mwaka 2022 linazungumzia usawa wa namna hiyo, na ninaliunga mkono kwa moyo wote: watu wetu wamebaki katikati ya orodha, au nje kabisa, kwa muda mrefu mno.

Kuna na upande wa pili. Msimamizi hana haki ya kuichapisha kazi ya tasnifu yako bila jina lako kwa kuwa umeshahitimu na umehama mkoa. Nawe huna haki ya kumwacha msimamizi aliyekaa nawe kwenye muundo wa utafiti tangu mwanzo kwa kuwa mligombana.

Sharti la nne ndilo linalouma zaidi. Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine na UVIKO-19, ikidai kutumia data za wagonjwa wapatao 96,000 kutoka hospitali 671. Data zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Surgisphere, na mmiliki wake alikuwa mmoja wa waandishi wanne. WHO ilisitisha kwa muda sehemu ya jaribio lake la dawa hiyo. Maswali yalipoanza, waandishi watatu walishindwa kupata data ghafi zikaguliwe na watu huru, na tarehe 4 Juni wakaomba makala iondolewe. Walikuwa wameweka majina yao juu ya data wasizoweza kuzifungua. Kwa hiyo kila mwandishi mwenza wako apate njia ya kuziona data, hata kama hataziangalia. Na kwa sharti hilohilo, programu ya akili mnemba haiwezi kuwa mwandishi, kwani haiwezi kuwajibika. ICMJE na COPE, kamati inayoshughulikia maadili ya uchapishaji, zote zilisema hivyo mwaka 2023. Ukiitumia, itaje ulivyoitumia.

Mpangilio wa majina hutegemea fani. Kwenye tiba, wa kwanza ndiye aliyebeba kazi na wa mwisho mara nyingi ni msimamizi mkuu. Kwenye hisabati na uchumi mara nyingi hufuatwa alfabeti. Msidhani mnaelewana, semeni. Mimi hutumia jedwali la CRediT, orodha sanifu ya aina za mchango wa waandishi, lenye majukumu 14, na kila mtu anajaza yake mwenyewe. Ukiwajazia, utabishana baadaye.

Makubaliano yafanyike kwa barua pepe. Kundi la WhatsApp halifai kwa jambo hili: simu huibwa, ujumbe hufutwa, na "sawa" ya mtu aliye kwenye daladala si idhini. Ujumbe wa kwanza kwa msimamizi unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Profesa. Nimeanza kuandaa makala kutokana na sura ya nne ya tasnifu yangu, na ningeomba tukubaliane mapema kuhusu waandishi. Napendekeza jina langu litangulie, lako liwe la mwisho kama msimamizi mkuu, na Daktari aliyechambua takwimu awe katikati. Wakusanyaji data na mganga mfawidhi tuwashukuru kwa majina, nikishapata ruhusa yao. Kila mwandishi atasoma rasimu na kuiidhinisha kabla haijatumwa. Naomba maoni na maelekezo yako."

Akijibu kwamba ongeza jina la fulani, usikatae papo hapo wala usikubali. Muulize kwa heshima fulani alichangia sehemu gani, ili uijaze kwenye jedwali. Swali hilo limemaliza ubishi mwingi kuliko hotuba yoyote ya maadili. Kama bado anasisitiza bila sababu, nenda kwa mratibu wa uzamili ukiwa na barua pepe zako. Usimwandikie mhariri akuamulie. Majarida hurudisha mgogoro wa waandishi kwenye taasisi zao.

Makala ikishatumwa, kuongeza au kuondoa jina kunahitaji maelezo na idhini ya maandishi ya waandishi wote, hata yule anayeondolewa. Mmoja asipojibu, kila kitu kinasimama. Ndiyo maana nasema mapema.

Hatua ya 3: Andika

Tumia Zotero kutunza marejeo. Ni ya bure na inatosha. Asilimia ya mfanano inayotolewa na Turnitin, programu inayolinganisha maandishi yako na ya wengine, si hukumu. Asilimia nane inaweza kuwa aya nzima iliyoibwa, na ishirini na tano ikawa marejeo na majina ya taasisi. Soma ripoti yenyewe. Majarida mengi hayaihesabu tasnifu iliyo kwenye hifadhi ya chuo kuwa chapisho la awali, lakini itaje kwenye barua kwa mhariri. Usiikate tasnifu vipande vitano vyenye data zilezile.

Hatua ya 4: Chagua jarida

Anza na DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria (yanayosomwa bure), au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Kwenye AJOL angalia nyota ambazo jarida limepewa chini ya JPPS, mfumo wa kupima ubora wa uendeshaji wa majarida. Barua pepe inayokusifia na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano, ifute. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science alituma makala bandia yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, na 157 yakaikubali.

Ada ya kuchapisha isikukimbize kwa matapeli. Wachapishaji wakubwa wengi husamehe ada kwa nchi za Kundi A la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi za kipato cha chini machapisho ya utafiti bure au kwa bei nafuu, na Tanzania imo. Omba msamaha huo wakati wa kutuma, maana makala ikishakubaliwa huwa umechelewa, na hakikisha jarida ni la ufikiaji huria kamili; majarida ya mseto, yenye makala za bure na za kulipia kusoma, mara nyingi hayamo.

Tuma kwa jarida moja. Likikataa, au ukiomba kuondoa makala na likathibitisha kwa maandishi, ndipo uende kwa jingine.

Hatua ya 5: Baada ya kuchapishwa

Tunza data ghafi, dodoso na barua pepe za idhini kwa muda unaotakiwa na kibali chako, mahali ambapo angalau waandishi wawili wanaweza kufika. Ukigundua kosa, waandikie waandishi wenzako siku hiyohiyo, kisha mhariri, ukitaja jedwali gani, namba gani, na kama hitimisho linabadilika. Kosa dogo hurekebishwa kwa tangazo la masahihisho. Kama hitimisho limeanguka, ombeni wenyewe makala iondolewe, na barua hiyo iwe na majina yote yaliyo kwenye makala.