Kumfundisha mbwa mbio za vizuizi: anza na miguu yako

Ajiliti, yaani mbio za mbwa za kupita vizuizi, ilionyeshwa mbele ya watu kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, mwaka 1978, kama burudani ya kujaza nafasi kati ya mashindano. Iliiga mbio za farasi wa kuruka viunzi. Mbwa hukimbia bila kamba, nawe huruhusiwi kumgusa wala kushika chakula. Umebakiwa na sauti na mwili, na mbwa huuamini mwili zaidi.

Hatua ya 1. Kimbia naye kwenye uwanja mtupu. Geuka ghafla, akikufuata, mpe kipande cha nyama papo hapo, kando ya paja lako. Zoezeni kushoto na kulia.

Hatua ya 2. Weka ufito wa kuruka chini kabisa, ardhini. Mbwa ambaye mifupa haijakomaa asirushwe juu. Mashindano ya FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, hayapokei aliye chini ya miezi 18. Sasa tazama viatu vyako. Nilipoanza nilikuwa napaza sauti "Ruka!" huku vidole vya miguu vimeelekea kwenye handaki, lile bomba refu ambalo mbwa hupita ndani yake. Mbwa akaingia handakini, akatokea upande wa pili anatikisa mkia. Yeye alitii; mimi ndiye niliyekosea.

Hatua ya 3. Handaki. Likunje liwe fupi, mwenzako amshike upande huu, wewe chuchumaa upande ule umwite. Wengi hulipenda siku hiyohiyo.

Hatua ya 4. Ubao unaoinama upande mmoja kama mizani ndio unaotisha, na mara nyingi kinachotisha ni ule mlio wa "pa!" ncha inapogonga chini. Weka godoro chini ya ncha ili ishuke kidogo tu bila kelele, kisha punguza unene wa godoro taratibu. Akishuka lazima akanyage sehemu iliyopakwa rangi tofauti, asiiruke.

Hatua ya 5. Nguzo za kupenya kwa kupindapinda, mara nyingi 12, zikiachana sentimita 60. Ya kwanza iwe upande wa bega lake la kushoto. Usimvute kwa mkono: zipange safu mbili zenye kichochoro katikati, uzisogeze pamoja kidogo kidogo. Hapa hesabu miezi.

Siku ya mashindano utapewa dakika chache za kuipita njia bila mbwa. Usizitumie kukariri namba za vizuizi tu. Amua utabadili upande wapi. Mimi hubadili akiwa ndani ya handaki, maana hapo hanioni nikihangaika.